Kutambua Chanzo cha Kelele za Mikanda na Puli katika Injini ya Gari la Zamani

Gari linapoanza kulia upande wa mbele wa injini, jibu ambalo mwenye gari hulipata upesi katika gereji nyingi za Malindi ni kwamba anunue mkanda. Hununua, mkanda ukafungwa, gari likanyamaza kwa siku kadhaa, kisha mlio ule ule ukarudi na lawama zikamwangukia muuza spea. Mkanda ndio unaotoa sauti, ni kweli, lakini mara nyingi kosa liko kwingine: puli iliyokaa upande, beringi iliyokauka grisi, oili inayodondoka kutoka juu, au betri dhaifu inayoilazimisha alternata, yaani kifaa kinachoichaji betri, kufanya kazi kupita kiasi. Maelezo yanayofuata ni ya kumsaidia mwenye gari au fundi chipukizi kukifikia chanzo chenyewe kabla ya kutoa pesa, kwa vifaa vilivyo nyumbani au katika gereji yoyote ya kando ya barabara.

Kwanza fahamu kinachozungushwa na kinachozungusha. Puli kubwa iliyo chini, ile ya krenki (mhimili mkuu wa injini), ndiyo inayotoa nguvu, na mkanda huipeleka nguvu hiyo kwa alternata, pampu ya maji, pampu ya stelingi na kompresa ya kiyoyozi. Magari mengi ya miaka ya 1990 yana mikanda miwili au mitatu, kila mmoja na kazi yake, ilhali mengi ya baadaye yana mkanda mmoja mpana wenye mifereji unaozunguka kila kitu na kukazwa na tenshona ya springi. Kwa maoni yangu gari lenye mikanda mitatu ni rahisi zaidi kulichunguza, kwa sababu unaweza kuutoa mmoja na kuiacha mingine ikiendelea na kazi, ukajua mara moja mlio ni wa upande gani. Kwa lile lenye mkanda mmoja, chora njia ya mkanda kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote. Ukiutoa bila mchoro, kuurudisha kunaweza kukumalizia mchana mzima.

Hewa ya huku nayo ina sehemu yake. Gari linalolala wazi karibu na bahari, tuseme Casuarina, Silversands au Mayungu, hupata umande wenye chumvi kila usiku, na puli za chuma hufanya kutu katika sehemu zile ambazo mkanda haukuzigusa. Likitumika kila siku, mkanda wenyewe huisugua ile kutu na kuiondoa. Lakini yapo magari yanayofungiwa nyuma ya geti kwa miezi, hasa ya wenye nyumba wanaoondoka mvua za masika zinapokaribia na kurudi kaskazi ikianza kuvuma, na hayo ndiyo hulia zaidi siku ya kwanza kuwashwa: kutu imekula mifereji ya puli ikaacha mashimo madogo yanayoukwaruza mpira kila mzunguko. Magari yanayofanya kazi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni yana shida hiyo mwaka mzima. Kwa wanaopita barabara za vumbi kwenda Marafa au Baricho, adui ni mchanga na vijiwe vinavyonasa ndani ya mifereji.

Kabla ya kuinama juu ya injini

Injini inayozunguka hukata vidole bila onyo. Simamisha gari mahali tambarare na palipo wazi, kwa maana moshi wa injini ndani ya gereji iliyofungwa huua. Vuta breki ya mkono, weka gia huru au P, na zuia magurudumu kwa mawe. Usichungulie injini inayonguruma ukiwa umevaa kanzu, kikoi kinachoning'inia, mtandio au leso mabegani. Vua pete na saa, na nywele ndefu zifungwe. Kila unapotaka kuingiza mkono kati ya mikanda, zima injini, chomoa ufunguo, kisha fungua waya hasi wa betri. Hatua hii ya mwisho hupuuzwa na wengi, ilhali feni ya umeme ya rejeta katika magari kadhaa inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, alimradi maji bado ni ya moto.

Kuisikiliza sauti yenyewe

Ukelele mrefu, mkali, usiokatika, unaopanda pale unapokanyaga mafuta, ni alama ya mkanda unaoteleza juu ya puli. Ama umelegea, ama umechakaa hadi uso wake ukang'aa, ama umelowa oili, ama kuna kitu kinachozungushwa kwa taabu. Sauti fupi fupi za kurudia, kwi-kwi-kwi, zinazoongeza kasi pamoja na injini lakini hazigeuki kuwa ukelele, mara nyingi zinatokana na puli zisizokaa kwenye mstari mmoja, au na uchafu uliokwama mahali pamoja. Mngurumo mzito kama wa jiwe la kusagia nafaka ni wa beringi, na hauhusiani na mpira hata kidogo. Kugongagonga kwa chuma injini ikiwa katika mwendo wa chini, kunakopungua ukiongeza mafuta, kunaelekeza kwenye tenshona iliyochoka au puli ya krenki iliyoachana na mpira wake wa ndani. Mchapo wa kupigapiga, kama upo, karibu kila mara ni uzi wa mkanda uliochanika ukigonga kifuniko, nao unatakiwa kubadilishwa siku hiyo hiyo.

Sauti peke yake haitoshi. Muhimu kuliko sauti ni wakati inapotokea. Gari linalopiga ukelele alfajiri kwa sekunde chache kisha likanyamaza huenda lina unyevu tu wa umande. Likiendelea kulia kwa dakika moja au mbili baada ya kuwashwa, fikiria alternata, kwa kuwa wakati huo inairudishia betri umeme uliotumiwa na stata na kwa hiyo inazunguka kwa uzito. Jaribu hivi: injini ikiwa imepoa, iwashe, kisha washa taa kubwa, feni ya ndani na kioo cha nyuma chenye joto, vyote kwa pamoja. Mlio ukiongezeka hapo hapo, mkanda wa alternata unateleza. Lakini usiishie kwenye mkanda. Pima betri kwa mita: ikiwa imepumzika na haina hitilafu, inapaswa kuonyesha volti 12.6 hivi, na injini ikizunguka kati ya 13.8 na 14.5. Betri iliyokufa seli moja humfanya mwenye gari abadilishe mikanda mara kwa mara asijue kwa nini.

Vivyo hivyo, zungusha stelingi hadi mwisho kushoto, kisha kulia, gari likiwa limesimama. Ukelele unaotokea stelingi inapofika mwisho tu ni wa mkanda wa pampu ya stelingi. Mguno mzito unaoendelea katika mzunguko wote ni wa pampu yenyewe au wa mafuta yake kupungua. Halafu washa na kuzima kiyoyozi. Kelele inayokuja na kiyoyozi na kuondoka nacho inamaanisha kompresa ni nzito kuzunguka au mkanda hauna nguvu ya kuibeba. Mngurumo uliopo kiyoyozi kiwe kimewashwa au kimezimwa waweza kuwa wa beringi ya puli ya kompresa, kwa sababu puli hiyo huzunguka daima hata pale kompresa imepumzika. Wengi huku hawatumii kiyoyozi tena kwa kuwa gesi imeisha zamani, wakasahau kwamba puli yake bado inakula beringi kila siku.

Kipimo cha maji

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine, na hakigharimu kitu. Chukua chupa ya plastiki, toboa kifuniko kwa msumari, ijaze maji ya bomba. Usitumie maji ya visima vya karibu na bahari, kwani yana chumvi na utaongeza shida ile ile unayoitibu. Injini ikiwa katika mwendo wa chini, simama kando, rusha maji kidogo upande wa ndani wa mkanda, ule wenye mifereji, mbali na alternata, kisha sikiliza.

Mlio ukikatika kwa sekunde chache halafu ukarudi maji yanapokauka, puli hazikai mstari mmoja au mifereji ina uchafu: maji yamelainisha mahali mpira unapokwaruzwa. Mlio ukizidi kuwa mkali mara tu maji yanapogusa, mkanda unateleza, yaani umelegea, umechakaa au tenshona yake haina nguvu tena. Usipobadilika kabisa, uache mkanda, nenda kwenye beringi. Rudia mara mbili, tatu, kwenye kila mkanda kivyake, ukiruhusu ukauke katikati.

Sabuni ya kipande ambayo huwekwa kwenye mkanda unaolia, mafuta ya kupikia, mshumaa na zile dawa za kopo hazistahili kutumiwa hata mara moja. Hunyamazisha kwa saa kadhaa, kisha huvuta vumbi, hugeuka utando, na mkanda unateleza zaidi ya mwanzo. Ubaya mkubwa ni kwamba huharibu kipimo cha maji: baada ya sabuni, hakuna fundi atakayeweza kujua kilichokuwa kikilia.

Kutazama na kushika

Zima injini, fungua waya wa betri, kisha chunguza mkanda kwa tochi, ukiuzungusha polepole kwa kushika bolti ya puli ya krenki na spana. Mikanda ya zamani ya mpira wa neoprini hupasuka mifereji inapochakaa, na nyufa zake huonekana wazi. Mikanda ya kisasa ya mpira wa EPDM haipasuki upesi. Huisha kwa kulika taratibu, kama tairi, hadi mifereji inapanuka na mkanda unakalia chini ya mfereji wa puli. Kwa hiyo mkanda usio na ufa hata mmoja unaweza kuwa umekwisha. Ushike, uukunje kidogo, utazame kama kilele cha kila tuta lililo kati ya mifereji kimegusa chini na kung'aa. Kwa mkanda wa umbo la V, tazama unavyokaa: unapaswa kulingana na ukingo wa puli au kuuzidi kidogo. Ukiwa umezama na chini ya mfereji wa puli kunang'aa, kimoja kati ya hivyo viwili kimeisha, na mara nyingine ni puli.

Harufu na rangi nazo husema. Mkanda uliolowa huwa na uso mweusi unaonata. Fuata njia ya oili juu zaidi: gasketi ya kifuniko cha valvu, sili ya mbele ya krenki, bomba la stelingi. Kufunga mkanda mpya chini ya oili inayodondoka ni kununua mwingine baada ya mwezi. Maji ya rejeta yakiwa yameacha mkauko wa kijani, wa pinki au wa kutu chini ya pampu ya maji, tafuta kitundu kidogo kilicho chini ya shingo ya pampu. Kikiwa kimelia machozi, sili ya pampu imekwisha na beringi yake itafuata.

Ukazo wa mkanda wa V hupimwa kwa kidole gumba katikati ya nafasi ndefu kati ya puli mbili: ukisukuma kwa nguvu ya wastani, ushuke milimita 10 hadi 13 hivi, isipokuwa kitabu cha gari kikisema vinginevyo. Mkanda wenye mifereji huweza kujaribiwa kwa kuusokota kwa vidole. Usisokoteke zaidi ya robo ya mzunguko. Tahadhari juu ya kukaza kupita kiasi, jambo ambalo ni la kawaida mno pale mafundi wanapotumia chuma kirefu kuisukuma alternata. Mlio hunyamaza, ndiyo, lakini uzito wote unaingia kwenye beringi za alternata na pampu ya maji, na baada ya muda si mrefu unakuwa na kelele ya pili iliyo ghali kuliko ya kwanza.

Mstari wa puli hupimwa kwa rula ndefu ya chuma au ubao ulionyooka kweli, ukiulaza juu ya nyuso za puli mbili kwa pamoja. Katika magari ya zamani kosa hili mara nyingi limetengenezwa na watu: alternata ya gari jingine iliyofungwa kwa kuwekewa washa, bushi ya breketi iliyolika, puli ya stelingi iliyogongwa kwa nyundo ikaingia kupita kiasi. Muulize mwenye gari kilichobadilishwa mara ya mwisho kabla ya mlio kuanza. Swali hilo moja huokoa kazi nyingi.

Puli ya krenki inastahili uangalifu wa peke yake, kwa kuwa hudanganya. Katika magari mengi si chuma kimoja. Kuna kitovu cha ndani, duara la nje, na mpira katikati unaopunguza mtikisiko wa krenki. Mpira huo huzeeka kwa joto na oili, na duara la nje likaanza kuyumba au kuteleza. Chora mstari mmoja wa chaki au rangi nyeupe kutoka kitovuni hadi kwenye duara la nje, endesha gari siku moja, kisha tazama. Mstari ukiwa umekatika na sehemu zake mbili hazioani tena, puli imekwisha, na hakuna mkanda utakaoinyamazisha. Injini ikizunguka, itazame pia kwa upande: kuyumba kokote kunakoonekana kwa macho ni kubaya.

Kuutoa mkanda

Kama bado hujapata jibu, toa mkanda na uwashe injini bila huo kwa muda usiozidi nusu dakika. Pampu ya maji huenda haizunguki, kwa hiyo usiiache ikapata joto, na taa ya chaji itawaka, jambo lisilo na madhara. Katika injini nyingi za dizeli za zamani, zikiwamo zile za Hiace, pampu ya vakyumu ya breki imefungwa nyuma ya alternata. Bila mkanda breki hukosa msaada wake, kwa hivyo gari lisisogee hata hatua moja.

Kelele ikiisha, chanzo ni mkanda wenyewe au kimoja cha vitu unavyovizungusha, nawe sasa una nafasi ya kuvishika kimoja kimoja. Zima injini, zungusha kila puli kwa mkono. Beringi nzima huzunguka laini na kimya. Iliyokwisha hukwaruza, hukwama kwa vipindi, au huzunguka kwa wepesi wa ajabu na mlio mkavu kwa sababu grisi imetoka yote. Kisha shika puli juu na chini uitikise. Pampu ya maji inayocheza hata kidogo haina maisha. Alternata hutoa msuguano mdogo wa brashi zake, na huo ni wa kawaida. Puli za kupitishia mkanda na ile ya tenshona ndizo hufa mapema zaidi, nazo ni rahisi kubadilisha: wakati mwingine beringi peke yake huuzwa kwa namba iliyochapwa ubavuni mwake, bila haja ya kununua puli nzima.

Usipotaka kuutoa mkanda, sikiliza kwa bisibisi ndefu injini ikizunguka: ncha iguse mwili wa alternata au wa pampu, mahali pasipozunguka, na mpini uusogeze sikioni. Karibu na mikanda tumia kipande cha mpira wa maji cha urefu wa mita moja badala ya chuma, maana kikinaswa kitakatika chenyewe. Alternata huzunguka mara mbili hadi tatu kwa kila mzunguko wa krenki, kwa hiyo mvumo wa beringi yake huwa mwembamba zaidi kuliko wa pampu ya maji.

Kelele ikibaki hata mkanda ukiwa mkononi mwako, iko ndani. Katika gari lenye mkanda wa taimingi, ule wa ndani unaoendesha valvu, mvumo au mkwaruzo unaotoka nyuma ya kifuniko cha plastiki unaweza kuwa wa beringi ya tenshona yake, na hapo gari lisiendeshwe hadi kifuniko kifunguliwe, kwani katika injini nyingi mkanda huo ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Gari la kuagizwa ambalo halina kumbukumbu ya lini mkanda huo ulibadilishwa lichukuliwe kuwa halijabadilishiwa. Probox na nyingine zenye injini ya 1NZ zina cheni badala ya mkanda huo, nazo hutoa mchakacho wa sekunde chache asubuhi cheni au tenshona yake inapochoka, au oili inapopungua.

Kurudisha

Kabla ya kufunga mkanda mpya, safisha mifereji ya puli kwa brashi ya waya, ondoa kila kijiwe, pangusa kwa kitambaa kikavu; petroli kidogo kwenye kitambaa inafaa kwa oili, ila puli ikauke kabisa kabla mpira haujaigusa. Kutu iliyochimba mashimo haitoki kwa brashi, na puli hiyo ibadilishwe. Nenda dukani na mkanda wa zamani au na namba yake: 6PK1200, kwa mfano, ni mifereji 6 na urefu wa milimita 1200. Mkanda uliozidi urefu kidogo hufika mwisho wa nafasi ya kukazia ukiwa bado haujakaza, na mfupi huivuta alternata upande.

Ukishafunga, hakikisha kila mfereji umeingia mahali pake, kwani ni rahisi mkanda kukaa mfereji mmoja nje ya puli ya chini usikoona. Mkanda wa V hunyooka katika siku zake za mwanzo. Ukaze upya baada ya kuendesha kwenda na kurudi Kilifi, injini ikiwa imepoa, na usisahau kuifunga tena ile bolti ya egemeo la alternata ambayo uliilegeza ili isogee. Wa zamani, kama haujachanika wala kulowa oili, uuweke chini ya kiti pamoja na spana ya saizi yake, hasa ikiwa safari zako zinavuka Sabaki kuelekea Garsen na Mokowe, ambako maduka ya spea yametengana mno.